Mfupa Umegoma Kumtaja Mnyama Wake: Pa Kuanzia Kutafuta Tatizo

Swali hili hunijia karibu kila baada ya msimu wa uchimbaji, na mara nyingi huja kwa ujumbe wa sauti wenye manung'uniko. "Tumepeleka maabara vifaa kumi na viwili vya mifupa, vitambuliwe ni vya mnyama gani. Vinne vimerudi bila jina, vitano vimerudi 'ng'ombe', na huyo ng'ombe hatumwamini. Hivi mashine yao ni nzima kweli?"

Mimi kazi yangu ni kuandaa sampuli hapa Kigoma. Mashine siiendeshi, kwa hiyo ningekuwa wa kwanza kuitupia lawama. Lakini kwa niliyoyaona, mashine husingiziwa bure. Kosa huwa lilishaingia zamani: shimoni, kwenye mfuko, juu ya meza ya stoo, ndani ya kopo la gundi. Ndiyo maana nimeziandika dalili kama zinavyoonekana kwenye ripoti, halafu narudi nyuma kutafuta zilikotoka.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Sindano ya mfupa ikishachongwa na kung'arishwa, haibaki na kifundo wala umbo la kumwonyesha mtaalamu wa mifupa kama ilitoka kwa swala au kwa mbuzi. Kinachobaki ni kolajeni, protini inayoyashika madini ya mfupa pamoja. Kolajeni ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa, mbili za aina moja na wa tatu wa aina nyingine, kila uzi una amino asidi, yaani matofali ya protini, zipatazo 1,000. Kila ya tatu ni glaisini. Katika zilizobaki ndimo wanyama wanamotofautiana, kidogo tu, hapa na pale.

Maabara huitoa kolajeni kwenye mfupa, huitia kimeng'enya kiitwacho tripsini ambacho huukata uzi kila baada ya laisini au aginini, kisha vipande hivyo, yaani peptidi, hupigwa leza ndani ya mashine ya MALDI-TOF. Hapo vinaruka kwenye bomba lisilo na hewa, chepesi kinafika kabla ya kizito. Muda wa safari hugeuzwa kuwa uzito, na uzito huchorwa kama mstari wenye vilele. Njia hii ilielezwa mwaka 2009 na Michael Buckley, Matthew Collins na wenzao, na wengi wanaijua kwa kifupi chake, ZooMS. Kipande cha miligramu 10 hadi 30 kinatosha.

Namba chache za uzito ni vizuri kuwa nazo kichwani, maana nitazirudia. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wote wana kilele cha 1105 na cha 1427. Ng'ombe ana jozi ya 1192 na 1208, wakati mbuzi na kondoo wana 1180 na 1196. Ukipanda juu zaidi, kondoo anafanana na ng'ombe kwa 3017 na 3033, na mbuzi anajitenga kwa 3077 na 3093. Kwa hiyo mnyama hatambuliwi kwa kilele kimoja. Anatambuliwa kwa kundi la vilele vinavyokubaliana.

Dalili: mstari umelala, hakuna kilele

Naanza na swali linaloonekana la kijinga: hicho kitu ni mfupa kweli?

Kiswahili chetu chenyewe kinatutega hapa. Kwenye daftari la stoo mtu ameandika "bangili ya pembe". Pembe ipi? Pembe ya ng'ombe, lile ganda la nje, ni keratini, jamaa ya ukucha na nywele, haina kolajeni ya kupimwa. "Pembe" ya ndovu ni jino, na kolajeni imo tele. Ndovu hana pembe hata moja, ana meno, ila lugha ilishaamua na hatuwezi kuishtaki. Maabara ikipokea ganda la pembe ya ng'ombe ikalipima kama mfupa, mstari utalala, na aliyekosea ni yule aliyeandika neno moja mahali palipohitaji mawili. Kwato na magamba ya kasa yapo kundi hilohilo la keratini. Makombe ya konokono wa baharini, kama yale waliyovaa watemi wa Unyamwezi kuwa alama ya utawala, ni chokaa. Na kiini cha ndani cha pembe ya ng'ombe, kile kinachobaki ganda likivuka, ni mfupa kabisa na kinapimika.

Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inakuokolea miezi ya kusubiri. Mfupa unaonyesha vijitundu na mifereji midogo ilimopita mishipa ya damu. Ganda la pembe linaachana tabaka kwa tabaka. Pembe ya ndovu, ukiitazama sehemu iliyokatwa kwa upana, ina mistari inayopishana kama ukili uliosukwa. Jino la kiboko halina mistari hiyo ya kupishana. Andika ulichokiona kabla ya kutuma, hata kama huna uhakika. Andiko hilo litakuja kukufaa, nitaonyesha mbele.

Kama ni mfupa kweli, chanzo kinachofuata ni moto. Chukua mfano wa Uvinza. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanyika pale mwaka 1967 ulionyesha kwamba maji ya chumvi yamechemshwa karibu na mto Ruchugi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Palipochemshwa kwa muda huo kuna majiko na majivu, na mfupa uliotupwa karibu na jiko hubadilika rangi: kahawia, mweusi, kijivu, mweupe. Uliofika weusi wa mkaa kolajeni yake karibu yote imeondoka. Mweupe wa chaki usihangaike nao. Lakini usiutupe kila mfupa mweusi, maana udongo wenye manganizi nao unapaka mifupa rangi nyeusi. Tazama palipovunjika: weusi ukiishia juu na ndani kuna manjano au kahawia, hiyo ni rangi ya udongo, tuma.

Halafu kuna udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa misitu ya miombo, unaotandaa kuanzia Tabora hadi huku kwetu, kwa kawaida una tindikali, na tindikali hula madini ya mfupa ikaiacha kolajeni bila ulinzi. Joto la mwaka mzima linamalizia kazi. Mfupa wa umri uleule ukizikwa kwenye baridi ya Siberia hutunza protini kuliko wa kwetu, hilo halina mjadala. Palipo na jaa la majivu au makombe, tindikali hupungua na mifupa hupona. Ukiwa na vipande 50 na pesa za kupima 20, anza na vilivyotoka jaani.

Cha mwisho ni maandalizi. Njia ya kawaida ni kuuloweka mfupa kwenye asidi ya haidrokloriki ya 0.6 M kwenye ubaridi wa nyuzi 4 mpaka madini yayeyuke. Umeme ukikatika usiku, friji likapata joto, asidi ile huendelea kufanya kazi kwa kasi ya joto la chumbani na kuanza kuila kolajeni yenyewe. Asubuhi unakuta kila kitu kinaonekana sawa. Siku hizi mimi huomba njia ya upole itumike kwanza: kipande kinawekwa kwenye amoni baikaboneti ya 50 mM, kinapashwa joto nyuzi 65 kwa saa moja, kolajeni inayoweza kuyeyuka inatoka, na kipande kinabaki kama kilivyo. Kikishindwa, asidi ipo. Kikifaulu, kipande bado unacho kwa kazi nyingine, hata kwa kupima umri kwa kaboni 14.

Dalili: vilele viwili tu, 842 na 2211

Hiyo ni tripsini imejikata yenyewe. Ni habari njema ndani ya habari mbaya. Mashine inafanya kazi, kimeng'enya kinafanya kazi, ila hakikupata cha kukata. Rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Dalili: vilele vipo vingi lakini si vya kolajeni

Anayeonekana hapo mara nyingi ni wewe mwenyewe. Keratini ya ngozi na nywele za binadamu iko kwenye vumbi la kila chumba. Vaa glovu zisizo na unga, funga nywele, na sweta la sufi libaki mlangoni, maana nalo ni keratini ya kondoo. Ili ujue kosa limeingilia wapi, kila kundi la sampuli liende na tyubu moja isiyo na mfupa, iliyopitishwa hatua zote. Tyubu tupu ikionyesha vilele hivyohivyo, uchafu umeingilia kwenye maandalizi. Ikiwa safi, uchafu ulikuja na kifaa.

Kuna uchafu mwingine unaojitambulisha wenyewe: vilele vilivyopangika kama ngazi, kila kimoja kimepishana na mwenzake kwa 44. Hiyo ni polyethylene glycol, inayopatikana kwenye baadhi ya losheni na sabuni, na pia kwenye dawa za kuhifadhia mbao za kale. Niliwahi kutafuta chanzo chake kwa wiki mbili, kumbe ni losheni niliyokuwa najipaka asubuhi kabla ya kuvaa glovu.

Dalili: vilele vifupi, vimefifia, kama vinaonekana kwenye ukungu

Chumvi. Kwetu hii ni ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ardhi ya Uvinza imelowa chumvi na mifupa ya pale imeinywa karne kwa karne. Kabla ya kupigwa leza, peptidi huchanganywa na kemikali inayotakiwa kukauka na kufanya fuwele nzuri. Chumvi ikizidi, fuwele hazifanyiki, unapata doa la utelezi, na leza inapiga bila kurusha kitu. Hata zile chache zinazoruka zinaweza kuwa zimembeba sodiamu mgongoni, na hapo kila kilele kinapata mdogo wake 22 mbele.

Usioshe kifaa kwa maji ya bomba ukidhani unasaidia. Maji ya bomba yana chumvi zake. Mwambie mtu wa maabara, tena kwa maandishi, kwamba sampuli imetoka kwenye udongo wa chumvi, ili aisafishe kwa kichujio cha C18 na aioshe zaidi ya kawaida. Mara nyingine dawa ni rahisi kuliko hiyo: kuipunguza makali sampuli mara 10 na kuiweka tena kwenye sahani. Watu huongeza sampuli wakidhani ni haba, kumbe wanaongeza chumvi.

Dalili hiyohiyo ikiambatana na rangi ya chai kwenye tyubu, mshukiwa ni mboji. Udongo mweusi wa mabondeni, kama wa bonde la Malagarasi, hupitisha asidi za mboji ndani ya mfupa. Mfupa ukioshwa kwa sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M kabla ya kolajeni kutolewa, rangi inapungua. Muda uwe mfupi, maana na yenyewe inaondoka na sehemu ya kolajeni.

Dalili: vilele vimesogea

Vikiwa vimesogea vyote kwa kiasi kidogo kinachofanana, mashine haikupangwa vizuri siku hiyo. Hilo ni lao, waambie warudie na sampuli ya kusawazishia. Hiki ndicho kifungu pekee ambacho lawama ni ya mashine.

Vikiwa vimesogea baadhi tu kwa 16, hakuna kosa. Oksijeni imeongezeka kwenye prolini, mojawapo ya zile amino asidi, na ndiyo maana alama nyingi huandikwa kwa jozi, 1180 na 1196. Mtu asiyejua hilo huhesabu jozi kama wanyama wawili.

Kikisogea kwa 1, tazama vizuri. Peptidi ya 1105.6 ina amino asidi iitwayo glutamini, na glutamini ikizeeka hubadilika na kuongeza uzito wa karibu 1. Kwa hiyo kwenye mfupa wa kale, kilele cha 1106.6 kinaanza kumzidi kimo jirani yake. Huo ni uzee unaonekana kwa macho. Kifaa kinachosemekana ni cha kale sana lakini hakina mabadiliko hayo hata kidogo, mimi huanza kukiuliza maswali.

Dalili: kifaa hakiruhusiwi kukatwa, na njia ya upole haikutoa kitu

Kuna njia tatu za kuchukua kolajeni bila kukata. Ya kwanza ni raba ya kufutia: unasugua kidogo, unakusanya makombo ya raba, protini imenasa humo. Ilianzia kwenye vitabu vya ngozi. Ya pili ni karatasi laini yenye unga wa almasi, inayochukua vumbi lisiloonekana kwa macho. Ya tatu ni mfuko wenyewe. Kifaa kikikaa kwenye mfuko wa plastiki, kinasuguana nao kila kinapohamishwa, na kolajeni kidogo hubaki ukutani mwa mfuko. Kwa njia ya vifungashio, mwaka 2020 vifaa vya Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliotoweka, kutoka Ufaransa vilitambuliwa kuwa vilitengenezwa kwa mbavu za wanyama wakubwa wa jamii ya ng'ombe, bila kifaa chochote kuguswa.

Sasa tatizo. Tunapopanga stoo upya, kitu cha kwanza tunachotupa ni mifuko ya zamani. Imechakaa, imejaa vumbi, inatia aibu mgeni akija. Mifuko hiyo ndiyo sampuli. Kama lazima ubadilishe, weka mfuko wa zamani ndani ya bahasha, iandike namba ya kifaa, itunze. Na mfuko uliowahi kubeba vitu viwili tofauti hauna faida tena kwa kazi hii.

Kuhusu raba, tahadhari moja. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kuwa kusugua kwa raba kunaweza kubadilisha uso wa mfupa kwa kiwango kinachoonekana kwa hadubini. Sindano ambayo mtu atataka baadaye kuchunguza ilishonea ngozi au ukili usiisugue kwenye ncha. Sugua upande usio na alama za matumizi, na piga picha kwanza.

Dalili: kila kitu ni ng'ombe

Nimeiacha hadi hapa kwa sababu ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mstari uliolala unajitangaza. Ng'ombe wa uongo hajitangazi; anakuja na vilele virefu, vizuri, vyenye namba zote sahihi.

Kulikuwa na bangili nyembamba kwenye sanduku la vitu vilivyookotwa upande wa Ujiji, ya rangi ya siagi, imevunjika na kuungwa mahali patatu. Ilipimwa kwa kusugua raba. Jibu: ng'ombe, bila shaka yoyote. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye fomu kwamba kwenye ncha moja naona mistari inayopishana, na ng'ombe hana mistari hiyo popote mwilini mwake. Nikampigia simu mzee aliyekuwa akitunza stoo ile kabla ya kustaafu.

"Shikamoo mzee. Ile bangili ya njano, iliwahi kuungwa?"

"Marahaba mwanangu. Niliiunga mimi mwenyewe. Ilikuwa vipande vipande."

"Kwa gundi gani, mzee?"

"Ile ya seremala, ya kuchemsha. Ngumu kama sukari guru, ukiiweka kwenye maji ya moto inalainika. Halafu nikaipaka na juu kidogo, ing'ae."

Gundi ya seremala ya kuchemsha hutengenezwa kwa ngozi na mifupa, mara nyingi ya ng'ombe. Ni kolajeni tupu, tena mpya na nyingi kuliko iliyobaki kwenye kitu cha kale. Raba ilisugua mng'ao wa mzee wangu, na mashine ikasoma ilichopewa. Tulitafuta mahali gundi haikufika, ndani ya mpasuko mmoja mdogo, tukachukua unga wa ukubwa wa punje ya chumvi. Tembo.

Tangu hapo, jibu la "ng'ombe" nalipitisha kwenye maswali haya kabla sijalipokea. Kiliwahi kuungwa, kupakwa, au kuandikwa namba juu ya rangi ya kucha? Rangi ya kucha na gundi za kisasa za plastiki hazina kolajeni, zinaziba tu, lakini gundi ya mnyama inadanganya. Je, vilele vinaonyesha uzee, ile habari ya 1106.6? Kolajeni ya gundi huonekana changa kuliko ya kifaa. Na je, tyubu tupu ya kundi lile ilikuwa safi?

Swali lingine ni la tarehe ya ripoti. Mwaka 2021 Anneke Janzen na wenzake walichapisha alama kamili za makabila yote ya wanyama wa jamii ya ng'ombe na swala wa Afrika, na wakaonyesha kwamba ng'ombe na nyati wanaweza kutenganishwa. Walizitumia kwenye mifupa iliyovunjikavunjika ya maeneo sita ya Zambia, majirani zetu wa kusini mwa ziwa, na aina za wanyama zikaonekana nyingi kuliko jicho lilivyokuwa limehesabu. Kwa hiyo ripoti ya kabla ya hapo inayosema "ng'ombe" inaweza kuwa imemficha nyati. Hakuna haja ya kukata tena. Faili la vilele huwa limehifadhiwa, liombe lisomwe upya.

Na hata ng'ombe wa kweli haelezi alikotoka. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, na reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Kifungo cha mfupa au mpini wa kisu uliotengenezwa kiwandani Ulaya nao utasomeka ng'ombe, sawasawa na mfupa wa ng'ombe wa Buha mwenye mapembe marefu. Kolajeni inataja mnyama tu. Kama sindano imetoka kwenye pori la ndorobo, ambako kufuga ng'ombe ni shida hadi leo, jibu la ng'ombe ni la maana kubwa, na kwa sababu hiyohiyo linahitaji kupimwa mara mbili.

Dalili: jina limeishia njiani

Ripoti inasema "mbuzi au kondoo", au inasema kundi la swala bila kumtaja. Kwa mbuzi na kondoo, tazama kama kilele cha 3033 au 3093 kimeonekana. Peptidi kubwa ndizo zinazopotea kwanza mfupa ukichoka, kwa hiyo mara nyingi chini kuko sawa na juu kumelala. Omba sampuli irudiwe kwa asidi, au ikubali ilivyo.

Kwa swala, kuna mahali ambapo maabara haiwezi kwenda zaidi hata mfupa ukiwa mzima. Kongoni na nyamera ni ndugu wa karibu, na kolajeni hubadilika polepole kuliko wanyama wanavyobadilika pembe na manyoya. Nimesikia watu wakiita hilo kushindwa. Sindano iliyokuwa "mfupa wa mnyama wa wastani" kwa miaka kadhaa, leo ikijulikana ni ya jamii ya kongoni na si mbuzi, mimi naona tumepiga hatua kubwa.

Dalili: sampuli haijafika kabisa

Imekwama kwenye karatasi. Kifaa cha kale hakitoki nchini bila kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kipande cha miligramu 20 kinahesabiwa sawa na kifaa kizima. Utafiti wenyewe unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Tatizo linaloshtua watu ni la tatu: tembo wa Afrika aliwekwa kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1989, na kiboko yuko kwenye orodha ya pili. Bangili iliyoandikwa "mfupa" ikigundulika njiani kuwa ni pembe ya ndovu, una maelezo ya kutoa. Ile lenzi ya mkononi inalipa hapa pia. Ukiona mistari ya kupishana, andika "inashukiwa kuwa pembe ya ndovu" na utafute kibali chake kabla ya kufunga kifurushi.

Dalili: ripoti inasema binadamu

Usichanganye na keratini ya vidole vyako. Keratini na kolajeni ni protini mbili tofauti, na jasho lako haliwezi kuleta kolajeni ya mfupa kwenye grafu. Ikisomeka kolajeni ya binadamu kwenye tyubu ya kifaa, na tyubu tupu ni safi, mfupa ule ni wa kundi la binadamu.

Nimesema kundi kwa makusudi. Njia hii ilipata sifa mwaka 2016, pale vipande zaidi ya 2,000 kutoka pango la Denisova, Siberia, vilipochambuliwa na kimoja kisichofika sentimita 2.5 kikaonekana ni cha mtu. Siberia hakuna sokwe. Kigoma wapo, Gombe na Mahale, na zamani walienea zaidi. Alama za kawaida za kolajeni hazitoshi kumtenganisha binadamu na sokwe. Ripoti iliyoandikwa na mtu aliyezoea mifupa ya Ulaya itasema "binadamu" bila kufikiria mara mbili, kwa hiyo ni juu yako kumkumbusha sampuli imetoka wapi.

Jibu hilo likija, acha kukata na acha kusugua. Rudisha kifaa kwenye mfuko wake uleule, andika tarehe, kisha wajulishe watu wa mambo ya kale kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, maana huenda uliyemshika mkononi ametoka kaburini na ndugu zake bado wanaishi kijiji cha pili.